Mkalimani wa Nyongo

Kanuni ya kazi yangu ni moja:
mgonjwa akisema "mimi", nami niseme "mimi".
Basi Jumanne, ghorofa ya nne,
mvua ya Glasgow ikikwaruza dirisha,
nilipatwa na saratani ya mrija wa nyongo
kwa niaba ya Bi Nyamvula Mwachiti,
mshonaji wa mapazia, miaka sitini na mmoja.

Daktari Ishbel Rennie husema polepole.
Alichora ini mfano wa kiatu,
na chini yake mfereji mwembamba kama uzi.
"Ulianzia hapa," akasema. "Na umeshavuka."
Kwetu mambo yakiharibika
twasema yametumbukia nyongo.
Sikuwahi kufikiri nitalitamka neno hilo likiwa uchi,
bila nahau ya kulisitiri.
Bi Nyamvula akacheka:
"Kumbe nyongo nayo hutumbukia!"
Daktari akaniuliza amesema nini.
Kicheko hakikutafsirika.

Kisha ikaja jeni.
Nikasema: ndani ya kila chembe mna maandishi,
marefu, na mahali fulani kurasa mbili
zimeshonwa pamoja kimakosa,
sentensi ya huku ikaendelea kule,
ikawa amri isiyo na kituo: kua, kua, kua.
"Mshono mbaya," akasema.
"Huo naujua. Hauonekani mpaka uuvute."
Hilo nililipeleka neno kwa neno,
na daktari akaliandika pembeni mwa faili.

Dawa yenyewe haijapewa jina,
ina herufi tatu na tarakimu nne.
Inaufuata mshono ule tu,
haipigi kipofu kama tibakemikali ya majira ya baridi
iliyomwacha akitapika hata maji.
Lakini ni jaribio.
Jaribio, jaribu: nilikwama katikati,
moja la maabara, moja la msikitini,
na ulimi wangu ukachagua lisilo lake.
"Sawa," akasema, "majaribu nimeyazoea."

Fomu, kurasa kumi na tisa.
Ukurasa wa kumi na nne: unaweza kujitoa
wakati wowote, bila kutoa sababu.
"Na dawa je? Nayo yaweza kujitoa bila kutoa sababu?"
Daktari akaweka kalamu chini.
"Ndiyo."
Bi Nyamvula akaiokota kalamu, akatia sahihi.

Vidonge vitatu kila asubuhi, wiki tatu,
wiki ya nne mapumziko.
Fosfeti ikapanda katika damu: marufuku maziwa,
marufuku maharage, marufuku dagaa
ambao mpwa wake aliwaleta kutoka Birmingham
wamefungwa ndani ya soksi.
Macho yakakauka. Kucha zikalegea;
moja iling'oka juu ya cherehani,
akaikunja kwenye karatasi, akanionyesha
kama risiti.

Milimita arobaini na saba.
Thelathini na tatu.
Ishirini na sita. Hapo sauti yangu ilitetemeka,
na si kwa niaba ya mtu.
Juni akapanda treni peke yake hadi Largs,
akala aiskrimu mbele ya bahari ya kijivu.
"Vijiko viwili tu. Usimwambie."
Sikumwambia. Miaka tisa kazini,
hilo la kwanza kulimeza.

Novemba picha ikaonyesha doa jipya.
Chembe zimefumua, zimeshona upya pengine,
na dawa bado inatafuta ule mshono wa zamani.
Nilikuwa sijafungua kinywa.
"Imejitoa," akasema Bi Nyamvula.
Alikuwa ameshajifunza Kiingereza cha nyuso.

Wakaomba damu, mirija miwili,
waujue mshono mpya ulivyo,
kwa ajili ya watakaokuja.
Akapandisha mkono wa sweta.
"Chukueni mitatu. Mmoja huenda ukamwagika."

Nami nikasema, kama kanuni inavyotaka:
chukueni mitatu, huu hapa mkono wangu.
Muuguzi, mgeni siku ile,
akatazama kwanza mkono wangu.