Maji Kwanza

Kabla ya samaki niliyauliza maji.
Samaki dukani huongopa: wote wapole,
wote mikia mitupu ndani ya mfuko.
Maji ya bomba letu hayajui kuongopa.
Huacha ukoko mweupe kwenye birika,
na sabuni hutoa povu shingo upande.
Magumu, basi. Atakayekuja ayapende hivyo.

Daktari Bukuru aliniachia fedha na agizo:
"Anayesubiri kung'olewa jino
atazame kitu kingine kisicho mlango wangu."
Mimi ndiye niandikaye majina, nipokeaye noti,
nikaongezewa cheo cha mlezi wa tangi.
Kioo alikata Hamimu, fundi madirisha wa Mwanga,
na kile kitone kwenye kona ya chini
mpaka leo anasema ni jasho.

Juu nikawaweka wazaao.
Gapi walikuja kwa treni, siku mbili ndani ya nailoni,
wakiyumba na behewa toka Dar es Salaam,
na moli weusi kama masizi ya chungu.
Hawa hawatagi. Hubeba tumbo kama sisi,
na doa karibu na mkia hukolea siku zikikaribia.
Dume mmoja, majike watatu, ndivyo nilivyoelekezwa,
maana dume mwenye jike mmoja
humfuata asubuhi, humfuata mchana, humnyima hata kula.
Nilipomsomea mume wangu hesabu hiyo
alicheka mno.
Ya samaki, Kitwana. Ya samaki.

Chini ndiko kulikonitesa.
Muuzaji alinisifia kambare kadogo ka mbali,
kenye deraya na sharubu fupi, kafagizi ka mabaki.
Kwao ni mito ya maji laini, rangi ya chai.
Nikamwona humu, umri wake wote,
kama mtu aliyevaa viatu vya nduguye.
Nikamwacha.

Shemeji Ndayanse, mzamiaji, akaleta wa nyumbani:
gogogo wa madoa, urefu wa kidole,
na wale wadogo wa mchangani
waishio ndani ya makombe ya konokono,
kila mmoja na mlango wake.

Moli alizaa Ijumaa. Nilihesabu thelathini na mmoja.
Jumamosi, kumi na wawili.
Jumapili nilimkuta gogogo kando ya jiwe,
tumbo duara, mtulivu kama mtu aliyetoka kwenye hitima.
Sikumlaumu.
Nilimweka mla usiku chini ya wodi ya wazazi;
kosa lile lina mwandiko wangu.
Alirudi kwa shemeji ndani ya ndoo ya rangi.

Wa makombe wakabaki. Si malaika.
Hurusha mchanga, humkimbiza apitaye,
lakini ugomvi wao una mpaka, nao ni shibiri moja.
Gapi wamejifunza kutoburuta mikia.
Juu nimesongamanisha majani yaeleayo
ili vitoto vipate pa kujibanza;
kinachozama mno hakirudi,
na hilo sijui kulitengeneza.

Jana aliletwa binti wa Ujiji, Sikitu,
shavu limevimba kana kwamba ameficha andazi.
Alilia toka ngazini. Akakiona kioo,
akabandika paji la uso, akanyamaza.
Nikaliita jina lake mara moja.
Mara ya pili.
"Ngoja," akasema bila kugeuka,
"mmoja ameingia ndani, hajatoka."

Daktari alikwisha simama mlangoni, glavu mikononi.
Akanitazama. Akalitazama lile kombe.
Tukangoja, sote watatu.