Mlango wa Bi. Pilling

Meza hazikutosha.
Kanisa lilituazima sita, zenye miguu ya kukunja inayobana vidole,
na mtaa wetu ulikuwa na nyumba arobaini na moja
na watoto ambao hata mama zao walishachoka kuwahesabu.
Ndipo baba akasema: tung'oe milango.

Ilikuwa Juni, Burnley, mwaka wa jubilei.
Nilikuwa na miaka minane na pengo la meno mawili.
Vibendera vya karatasi vilivuka barabara, dirisha kwa dirisha,
vikichuja rangi kwa manyunyu ya asubuhi
hata paka wa kina Clegg akawa na mgongo wa samawati.

Wa kwanza kuleta mlango alikuwa Bwana Rafaqat wa namba kumi na saba,
aliyehamia mwaka juzi, na bado watu wakimsalimu kwa kidevu.
Wa pili, sisi.
Wa tatu hakuna aliyemtarajia: Bi. Pilling,
ambaye umri wangu wote hakuwahi kutufungulia mlango huo,
alitoka na bisibisi yake mwenyewe
akalegeza bawaba, kimyakimya,
kama mtu anayefungua vifungo vya koti.

Mlango wa kijani. Mimi nilipangiwa hapo,
tundu la barua likinikodolea jicho,
na karamu nzima nikawa nalilisha:
maganda ya mayai, kingo za mkate,
kipande cha jeli kilichotetemeka kwanza
kisha kikaanguka kwenye kiatu cha Janice.

Mjomba Wilf aliapa hatakula mkate wa taji.
"Mimi mtu wa kiwandani," alisema, "sina malkia."
Akala slesi sita za salmoni ya kopo
na kofia ya karatasi hakuivua hadi usiku.

Mke wa Bwana Rafaqat alileta sinia la sambusa.
Zilikaa hapo dakika kumi, zikipoa,
kila mtu akiangalia sahani yake,
mpaka Bi. Pilling akachukua moja,
akaila yote, akalamba kidole,
akachukua ya pili.
Basi. Sinia lilirudi na makombo.

Malkia mwenyewe hakupita.
Sijui ni nani aliyetuambia atapita.
Iliyopita ni mvua.
Tulikimbia na keki, tulikimbia na bibi juu ya kiti chake,
milango tukaiacha ilale nje.

Asubuhi ilikuwa imevimba.
Wetu baba aliuranda kwa matusi, ukaingia.
Ule wa kijani ulikataa katakata,
na seremala alikuwa Blackpool na wanawe hadi Jumatatu.
Siku tano Bi. Pilling aliishi na pazia.

Nilitumwa kumrudishia sahani.
Nikasimama pale pasipo na cha kugonga,
mkono juu, hodi yangu ikiipiga hewa.
Upepo ukasogeza pazia,
na ndani, juu ya kabati, nikaiona mipira yetu.
Yote. Iliyopotelea uani kwake tangu kaka yangu Neville akiwa mdogo:
kumi na minne, imefutwa vumbi, imepangwa kwa ukubwa,
hata ule wa tenisi uliotafunwa na mbwa,
na chini ya kila mmoja, kikaratasi chenye tarehe.

Alinikuta nikitazama.
"Mngebisha tu," alisema.
"Ningewapa."

Tulibisha, baada ya hapo. Si mara nyingi.
Neville hakuthubutu kabisa.

Seremala alikuja, akakwangua zaidi ya inavyopasa,
na tangu hapo mlango ule uliacha mwanya chini;
jioni mwanga wa Bi. Pilling ulilala barabarani,
upana wa kidole,
tukiuruka tukienda dukani.

Tundu la barua lilinuka stroberi hadi Septemba.
Tarishi alilalamika.
Mimi sikusema neno.