Vijiko Vingapi?

Simu nimeiegemeza kwenye kopo la sukari,
uso wako umelala upande, nusu wewe, nusu dari.
Huku Thisted ni saa sita mchana, theluji imeziba kizingiti;
kwenu Kalasin ni magharibi, nasikia vyura,
na mama yako akikohoa nyuma ya pazia.
"Haya, Kjeld. Karanga kwanza."

Nimezikaanga kavu, bila mafuta,
nikizigeuza hadi ngozi zikaanza kupasuka.
Nikazipepetea dirishani;
maganda mekundu yakatua juu ya theluji,
na Bi Agerholm wa jirani akasimama na koleo lake, akitafakari.

Kinu chako kizito kuliko nilivyodhani.
Miaka kumi na tisa nimekuwa nakikwepa tu
nikienda kuchukua kahawa.
"Twanga, usisage. Acha chenga,
jino nalo lipate kazi."

Saumu, punje tatu. Pilipili moja, kwa woga.
Kisha sukari, ndimu, mchuzi wa samaki.
"Vijiko vingapi?"
"Mpaka itoshe."
"Vingapi ndiyo kutosha?"
Unacheka. Mimi ni seremala, Duangjai.
Futi yangu hulala mfukoni hata kanisani.
Mlango ukizidi nusu milimita, haufungi.
"Mchuzi si mlango. Onja."

Naonja. Chumvi.
"Ndimu."
Naonja. Kali mpaka masikio yamesimama.
"Sukari. Kidogo! Si hivyo!"
Umeuonea wapi mkono wangu,
na wewe unatazama kopo?

Maji ya moto, tone kwa tone,
mpaka mchuzi unateremka kwenye mchi
polepole, kama mtu asiyetaka kuamka.
Kabichi nimekata mwenyewe, hapo hukunifundisha:
nyuzi zote sawa, nyembamba kama maranda.
Tango. Karoti. Na majani ya giligilani
niliyoyafuata Aalborg, kilomita tisini,
ndani ya gari lenye kipasha joto kibovu.

Namimina, nachanganya kwa mikono, nakula nimesimama.
Karibu ni ule wako. Karibu.
Nyonga ya mama ikipona, nasema, nitakuja,
nimwandalie huu, ajue
mkwe wake ameishika ladha ya kwao.

Kimya. Vyura wanashika zamu.

"Mama hajawahi kuula huo mchuzi."

Hapa, unasema, ni papai bichi
na samaki wa kuvundika, yule aliyekutoa mbio
mpaka uani, na soksi zako, mwaka ule wa kwanza.
Nikabaki na kinu changu: huyu atakula nini?
Dukani palikuwa na pakiti ya karanga za walevi
na ndimu mbili zilizosinyaa.
Nikaonja, nikaongeza, nikaonja.
"Umezaliwa hapo ulipo, Kjeld. Hapo hapo, kwenye meza yenye kovu."

Nalitazama kovu. Patasi yangu, zamani.
Kando yake daftari nililolipigia mistari asubuhi:
vitu kushoto, viasi kulia.
Kulia bado kweupe.

Mama anakuita. "Subiri," unasema,
na simu unailaza chali.
Naona feni yenu ikizunguka, na mjusi mmoja darini.
Nasubiri.
Kijiko kingali mdomoni.