Kipande cha Ndahani

Kilikuja ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi,
kimeandikwa kwa kalamu ya bluu: Ndahani, Hombolo, pua ya kulia.
Chekundu kama kilemba cha jogoo,
na juu yake vidoa vyeupe, kana kwamba mtu
amepita akidondosha ufuta.

Nilikikata, nikakitia rangi, nikainamia hadubini.
Mifuko ya duara. Mmoja umepasuka,
watoto wake wanamiminika mlangoni
kama shule ya msingi, kengele ya saa nane.

Katika daftari la zamani, mzee Mbijima
aliyekalia kiti hiki kabla yangu
aliandika "kuvu", akafuta.
Akaandika "mdudu", akafuta.
Kisha akaacha nafasi, na doa la chai.

Leo jina lipo, refu kuliko kiumbe mwenyewe.
Si kuvu. Si mnyama.
Ni tawi lililochepuka kuvu walipokwisha kushika njia yao,
kabla mnyama wa kwanza hajapata mwili.

Babu yetu sote alikuwa chembe moja
yenye mkia mmoja, nao ulikaa nyuma, ukisukuma.
Mbegu ya baba yangu ilikuja hivyohivyo.
Basi uyoga anaouchuma mama mvua za Januari zikikatika
si ndugu wa mlenda unaochemka jirani yake mekoni;
ni ndugu wa mkono unaouchuma.
Nilimwambia mama hivyo siku moja.
Akaniuliza kama nimekula.

Ndahani alifuata majibu yake, pamba puani.
Anakonyweshea ng'ombe, lambo lilelile, ndiko anakooga.
"Dada, ni mnyama huyu, au mmea?"
"Ni ndugu," nikasema. "Wa mbali sana."
Akacheka mpaka pamba ikaloa damu.
"Ndugu gani anaingia bila hodi,
haulizi habari za mifugo,
anajenga puani, anazaa humohumo?"

Kisha akanyamaza, akaitazama chupa
kama mtu anayetafuta sura anayoifahamu.

"Watamkata," nikamwambia, "wachome na shina, asirudi."
"Shina lipi?"

Nje lori la zabibu lilikuwa linarudi nyuma, likipiga king'ora.
Nilitaka kumwambia lile jingine halichomeki,
tumelikalia wote, yeye, mimi, ng'ombe wake.
Nikaandika: Alhamisi, saa moja asubuhi.
Asile kitu.