Anayehesabu Futi

Kazi yangu hapa Tabora ni kukimbiza ndege.
Siyo kuifukuza. Kuifuata kwa pikapu,
vioo chini, redio mdomoni,
inaposhuka kutoka kule ambako anga ni jeusi mchana,
na Nyamizi, kichwa ndani ya chungu cha kioo,
haoni lami iko wapi chini ya tairi zake.
Namwambia mimi.
Futi kumi. Sita. Nne.
Shikilia. Tatu.

Kabla ya kuruka huketi saa nzima kwenye kiti cha plastiki
akivuta oksijeni tupu, kimya kama mgonjwa,
damu isije ikafanya povu huko juu
kama soda iliyotikiswa.
Kasanda wa stoo humfunga zipu,
humgonga begani mara mbili.
Hiyo ndiyo dua yao.

Hangari ya pili wanalala wasio na mtu:
droni nne, nyeupe kama mayai ya kanga wa kizungu.
Mihayo huziendesha akiwa kwenye kontena,
kiyoyozi kinavuma, chai inapoa.
Siku mbili hewani, hazikojoi,
haziulizi mshahara umeingia lini.

Wakaja watu wa Dodoma na kalamu zao.
Wakapiga hesabu ya suti, ya mafuta, ya posho,
hata ya uji anaounyonya kwa mrija.
Mtu wa nini tena?
Sikujibu. Sikio langu la kushoto lilipasukia huko juu,
nikashushwa, nikakabidhiwa pikapu.
Mimi ni shahidi wa upande mmoja.

Lakini mwezi wa sita, jioni, droni ilileta moshi
sehemu saba msituni Ugalla.
Mashine ikaandika: majangili.
Askari wakapakia gari, bunduki juu.
Nyamizi alikuwa anarudi toka Moyowosi,
akasema, nipeni dakika,
akainamia lenzi yake.
"Huo ni mwenge. Unazima mti huu, unawaka mti ule.
Hao wanarina. Washeni taa, mpige honi,
msiwashtue watu walio juu ya miti."
Baba yake alitundika mizinga ya magome Sikonge.
Hilo halikuwa kwenye karatasi za Dodoma.

Nisidanganye, ipo na ya pili.
Malagarasi ilipofurika
alipita mara tatu juu ya mtumbwi uliopinduka.
Wingu. Hakuona kitu.
Droni ya Mihayo ikashuka chini ya wingu,
ikazunguka saa kumi na tisa bila kupepesa,
ikawapata: watu wanne juu ya kichuguu,
na mbuzi.
Nyamizi aliitazama picha ile muda mrefu,
hasa mbuzi,
kisha akaenda kumnunulia Mihayo chipsi kuku.

Mgeni ana macho makubwa lakini haoni, tumeambiwa.
Huyu mgeni wa kwenye kontena anaona, tena sana.
Anachokosa ni mtu wa kumuuliza
baba yako alikuwa nani.

Leo Mihayo ameomba kupanda nami.
Zake hutua zenyewe, hajawahi kuhesabia mtu.
Tumeingia uwanjani, vumbi la tumbaku la Urambo
bado limo kwenye viti,
na lile bawa refu likapita juu yetu likiyumba
kama mwanamke aliyebeba mtungi na amechoka.
Futi tano. Nne.
Tatu.
Redio ikakwaruza. Nikakohoa, kifua hiki.
"Mbili," akasema Mihayo,
hakuna aliyemtuma,
"mbili, dada, mbili, bado mbili,"
mpaka ncha ya bawa ikakuna lami.

Tulipomvua kofia, shingoni ana alama ya pete,
nyekundu, kama aliyenyongwa akasamehewa.
Hakuuliza nani alihesabu.
Aliuliza kama Kasanda amemwekea matobolwa.