Kidole cha Mama Tumpe

Ijumaa ile mvua ya Tukuyu ilikuwa imekaa tangu Jumatatu,
ile isiyonyesha wala kukoma,
na mimi, mhasibu wa ushirika wa parachichi,
nimeshika kikombe kwa mikono miwili,
ujumbe ukaingia:
"Subilaga, niko kikaoni. Lipa hii HARAKA."
Milioni thelathini na nane.
Jina la mwenyekiti. Picha ya mwenyekiti, na kofia yake.
Hata ile haraka, anavyoipigia kelele kwa herufi kubwa.

Nililipa? Nusura.
Kilichoniokoa si akili, nisijisifu;
ni umeme, ulikatika
kidole kikiwa juu ya kitufe,
na gizani nikamsikia mwenyekiti mwenyewe
akipangusa tope mlangoni, akiuliza kama chai ipo.

Mpaka siku hiyo ulinzi wetu ulikuwa huu:
Ambakisye getini na rungu lake,
nondo dirishani,
na neno la siri, rungwe2009,
chini ya kalkuleta, kwa mwandiko wangu mzuri.
Mwizi wa siku hizi hasalimiani na Ambakisye.
Haachi unyayo kwenye tope letu,
na tope letu, Mungu anajua, halisahau unyayo.

Tukamwita Gwakisa, kijana wa Katumba
aliyesomea mambo haya Mbeya mjini.
Tulitegemea mtambo; alikuja na begi la mgongoni.
Akasema: kwanza, msimwamini mtu kwa jina lake.
Bodi ikacheka, ikaacha kucheka.
Sisi, ambao hodi ikipigwa
tunaitika karibu kabla hatujamwona mtu!
Hata aliyeingia jana, akasema,
leo abishe upya, athibitishe upya.

Akaweka mezani kifaa cha kusoma vidole.
Mwenyekiti: kijani. Mimi: kijani.
Mama Tumpe, mweka hazina,
miaka thelathini ya kuchuma chai
kabla hajapanda mparachichi wake wa kwanza:
nyekundu.
Akafuta kidole kwenye kitenge. Nyekundu.
Cha pili, cha tatu, mkono wa kushoto.
Gwakisa akainama, akazitazama zile ncha
laini kama kokoto za Kiwira.
Mistari yote ilibaki kwenye majani,
ikanywewa zamani na watu tusiowajua.

"Basi mimi si mtu," akasema, bila hasira,
kama anayesoma bei ya mbolea.

Mjumbe mmoja alipendekeza tubadilishe mweka hazina.
Hakutazamwa usoni mpaka kikao kilipofungwa.

Baada ya wiki Gwakisa akarudi
na ufunguo mdogo kama ganda la karanga,
wa kuchomeka kwenye kompyuta.
Mama Tumpe akaufunga kwenye pindo la kitenge,
pale anapofunga fedha tangu usichana,
na pale, niwaambie, hajafika mdukuzi.

Sasa malipo makubwa hayatoki bila watu wawili.
Na ipo programu inayojifunza mwenendo wetu:
saa tunazofungua, tunaowalipa, tunavyositasita.
Mwezi wa tano mwanangu alilazwa Igogwe.
Saa nane usiku, kando ya kitanda chake,
nikafungua kazi niwalipe wachumaji kabla ya mapambazuko.
Ikanifungia nje.
"Hii si kawaida ya Subilaga."
Nililia kidogo, kwa hasira,
kisha nikakaa na lile neno.
Kweli, haikuwa kawaida yangu.
Mume wangu hakuuliza usiku ule niko wapi.
Mashine iliuliza.

Kulipokucha nikampigia Mama Tumpe.
"Nani?"
"Subilaga."
"Subilaga yupi? Thibitisha."
Nikamtajia rangi ya kuku
aliyeniletea nilipojifungua.
Kimya. Kisha nikasikia
kitenge kikifunguliwa fundo.