Jina la Nne

Alikuja Ijumaa, mbuzi bado wanazungushwa sokoni Nizwa,
pete ya akiki kaifunga kwenye ncha ya leso.
Akalifungua fundo, akaiweka mezani
kama alipaye deni asilolikopa.
"Futeni. Mwandike langu."

Fundi Suleyum hataji bei kabla ya kuliuliza jiwe.
Akaliinua kwenye taa, nami nikachungulia begani:
wekundu wa chai kavu,
juu yake Mbarak,
chini ya Mbarak kivuli cha Humud,
na chini kabisa, kushoto, mkwaruzo mmoja wa Rubea,
mkia wa ra uliokataa kusagwa.

"Babu, baba, kaka," akasema. "Kaka hakuacha mtoto."

"Jiwe limeliwa mara mbili, bibi.
Tukilila tena litakuwa gamba la dagaa."
"Basi andikeni jina jembamba."
"Lako nani?"
"Rayya."

Fundi akacheka, yeye asiyecheka.
Ra, ya, alifu. Na ra ipo,
kaitangulizia babu yako.

Akanipa mimi keekee.
Unga wa almasi, tone la mafuta ya ufuta,
pumzi nusu.
Muhuri huchongwa kinyume:
Kiarabu kikipanda juu ya jiwe huanzia kushoto,
njia ileile ya barua za mama kutoka Unguja,
kwa hiyo mkono wangu haukupotea.
Ra niliigusa tu. Alifu ilisimama.
Ya ikakubali tumbo lake.

Zikabaki nukta mbili.
Ya kwanza ikaingia kama punje ya mtama.
Ya pili, jiwe likasema *ti*,
na unywele mweupe ukakimbia hadi ukingoni.

Nilifungua kinywa. Fundi akanikanyaga mguu.

Bibi Rayya hakutazama jiwe.
Alitoa karatasi ya zamu ya maji ya falaji,
mihuri mitatu imepangana, wino umekuwa kahawia,
akabonyeza chini yake, akahesabu moyoni, akainua.

Jina limesimama sawa.
Na pembeni yake, mstari mwembamba.

"Huu nao mmenichongea bei gani?"

Tukapunguza riale mbili.
Akazipokea, akazihesabu,
akavaa pete kwenye kidole gumba,
maana vingine vyote vilikuwa vyembamba kwa wanaume watatu,
akatoka, akiwasukuma mbuzi kwa goti.